Mtindi Uliopungua Ukali

Kila alasiri Kemilembe alifanya mambo yaleyale. Akitoka shule alivua viatu mlangoni, akatundika sare kwenye msumari, akafua soksi zake kwenye beseni, kisha akaingia jikoni kuitazama presha kuka ya umeme. Alitazama kama taa yake ndogo inawaka. Ikiwa inawaka, alitoka akaketi kizingitini na daftari la hesabu.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Kirumba, juu kidogo kilimani, imebanwa katikati ya mawe makubwa. Ukikaa kizingitini uliona mabati ya soko la Mwaloni chini, na nyuma yake ziwa. Upepo ukigeuka, harufu ya dagaa ilipanda mpaka kitandani.

Kemilembe alikuwa darasa la sita, na zamani alikuwa mtoto wa maneno mengi. Lakini tangu baba yake alipoanguka kazini, mwili wake ulikuwa ukijiendea wenyewe. Mikono ilifua, miguu ilitembea, mdomo uliitikia jina darasani, ila ndani hakukuwa na kitu. Hakuwa na huzuni wala hofu. Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono mpaka ukafa ganzi: anauona, anajua ni wake, lakini akiugusa hausikii.

Baba yake, Mzee Kashaija, alikuwa fundi wa mizani pale Mwaloni. Mzani ukianza kudanganya wanunuzi wa samaki, yeye ndiye aliyeitwa. Siku ile alikuwa ameinama akikaza skrubu, watu wakashtuka kumwona amelala juu ya magunia ya dagaa. Hospitali walisema ni kisukari, na kwamba kilikuwa kimekaa mwilini muda mrefu bila yeye kujua. Macho yalikuwa yameanza kufifia. Walimpa vidonge, wakamwambia apunguze wanga. Kwa mtu aliyezaliwa Bukoba, aliyezoea sahani ya ndizi na chai iliyotiwa sukari mpaka kijiko kinasimama, hilo lilikuwa neno gumu.

Mama yake, Sabina, mwenyeji wa Misungwi, hakukaa kulalamika. Mchana alishona nguo za watu, na jioni alikwenda darasa la watu wazima, kwa sababu alikuwa akijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Huko darasani, mwalimu wa baiolojia alifundisha mambo ya maziwa na mtindi. Mama alirudi nyumbani na fikra mpya. Presha kuka, ambayo mjomba Josephat aliwapa na ikawa inapika maharage tu, ikaanza kazi nyingine. Mama alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, akatia kijiko cha mtindi wa zamani kuwa mbegu, akabonyeza kitufe cha mtindi. Sufuria ile ilitunza joto la kiasi usiku kucha na mchana kutwa. Jioni ya siku ya pili mama alichuja kwa kitambaa safi, akabaki na mtindi mzito, mkali, usiotiwa sukari. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha baba cha asubuhi na cha kabla ya kulala.

"Kemi, hii isifunguliwe mpaka nirudi kutoka darasani," mama alimwambia siku ya kwanza.

"Sawa, mama."

Hakuuliza kwa nini. Siku hizo hakuwa anauliza chochote. Alidhani mama anaogopa vumbi.

*

Siku moja Queen alipiga hodi. Queen alikuwa jirani na mwanafunzi mwenzake, msichana mwenye mdomo usiopoa. Mama yake alianika dagaa Mwaloni na hakurudi mpaka jua lizame, kwa hiyo nyumbani kwao mchana hakukuwa na moto wala chakula.

"Kwenu kunanuka ndama," Queen alisema akinusa.

"Ni mtindi."

"Mtindi gani wa kuchomeka ukutani kama simu? Bibi yako wa Misungwi akisikia atalala njaa kwa aibu." Akacheka peke yake, kwa sababu Kemilembe hakucheka. "We Kemi, siku hizi ukichekeshwa unatazama tu kama mbuzi wa mnadani. Hebu tuonje. Mimi tangu uji wa shule sijatia kitu tumboni."

Kemilembe aliitazama presha kuka. Alikumbuka kwamba amekatazwa, lakini katazo lenyewe lilimpitia kama sauti ya redio ya jirani. Akafungua kifuniko. Mtindi ulikuwa umeganda, mweupe, unatikisika. Wakachota kikombe kimoja, halafu kingine. Queen alikunja uso kwa ukali wake, lakini aliendelea kunywa.

"Sasa pameonekana shimo," Queen alisema. "Mama yako atauliza."

"Hataona," Kemilembe akajibu. "Naongeza."

Kwa bibi yake Misungwi, kibuyu cha mtindi hakikuachwa kikae nusu. Mtoto akipita na kiu, bibi anamchotea. Mgeni akija, anamchotea. Kisha anamimina maziwa mapya, anatikisa, anafunga. Kemilembe alikuwa amekulia likizo zake zote akiona hivyo. Basi akachukua maziwa ya chai, ambayo yalikwisha kuchemshwa na kupoa, akamimina mpaka shimo likajaa, akakoroga, akafunika. Hakuona kama ameiba. Aliona amefanya kama afanyavyo bibi.

"Basi ongeza ya kutosha," Queen alisema, "maana kesho kutwa nipo."

Na kweli alikuwapo. Kila sufuria iliyowekwa, Queen alijua siku yake, na vikombe vikaongezeka. Ikafika mahali karibu nusu ya sufuria inakuwa maziwa yaliyomiminwa alasiri hiyohiyo.

Jioni mama alipochuja, alishika kitambaa akakisogeza kwenye taa. "Umekuwa mwepesi huu. Kemi, umeme ulikatika mchana?"

"Sijui, mama. Nilikuwa shule."

Jibu lilikuwa la kweli, na lilitoka bila yeye kulifikiria.

Baba alionja, akainua nyusi. "Mama Kemi, safari hii umenihurumia. Ule wa mwanzo ulikuwa unanivuta masikio. Huu unanyweka."

"Ukinyweka ndiyo umalize kikombe."

"Kikombe? Nipe bakuli."

Tangu hapo akawa anakunywa bakuli asubuhi na bakuli usiku, na kwa muda mfupi nyumba ilionekana kama imepona.

*

Mashine ya kupimia sukari ndiyo iliyoharibu mambo. Kila asubuhi mama alimtoboa baba kidole, akaweka tone la damu, wakasubiri. Namba zilizokuwa zimeanza kushuka zikageuka, zikapanda. Siku ya kwanza mama alisema labda ni uchovu. Baadaye akaacha kusema labda.

"Jana ulipita kwa Venant?" aliuliza. Venant alikuwa na kibanda cha soda pale Mwaloni.

"Nilipita. Nilikaa kivulini."

"Ukanywa nini?"

"Maji."

"Maji."

"Maji, Mama Kemi. Unataka nikuapie?"

"Sitaki uniapie. Nataka uniambie. Ndizi nimeziacha na mimi, chai nakunywa chungu ili usione hamu. Halafu kila asubuhi hii mashine inanicheka."

Baba aliifuta damu kidoleni kwa pamba, polepole. "Pale sokoni mzani ukiwatia watu shaka, wananiita mimi," alisema. "Wauzaji na wanunuzi wote wawili wanakubali neno langu. Kumbe nyumbani kwangu ndiko nisikoaminika."

Kemilembe alikuwa pembeni akifunga kamba za viatu. Alisikia kila neno. Alifunga fundo, akafungua, akafunga tena, akaenda shule.

Siku zilizofuata maneno yalipungua ndani ya nyumba. Mama alipakua, baba alikula. Mama alitandika kitanda, baba alilala akielekea ukutani. Aliacha utani wake wa jioni, akaacha hata kukohoa kwa sauti akiingia. Kemilembe alikaa katikati yao kama kiti.

Jioni moja ya Alhamisi mama alirudi kutoka darasani, akafungua presha kuka, akamwita amsaidie kushika kitambaa. Siku hiyo pia Queen alikuwa amekuja, na maziwa mapya yalikuwa yamemiminwa. Mama alimimina, maji ya maziwa yakaanza kuchuruzika. Akatikisa kichwa.

"Mwepesi tena. Na mbegu ni nzuri, na jirani anasema umeme haukukatika. Mimi hii sufuria sasa sielewani nayo."

"Kwa nini unauacha siku nzima?" Kemilembe aliuliza. Hakujua swali limetoka wapi. "Wa dukani si unaganda upesi?"

Mama alifurahi kuulizwa. Ilikuwa siku nyingi. Uso wake ukachangamka kidogo, akaanza kueleza kama mwalimu.

"Maziwa yana sukari yake mwenyewe, mwanangu, hata kama hukutia kijiko. Sasa ile mbegu ina bakteria wazuri. Wao chakula chao ni ile sukari. Wanaila, na wakiila ndiyo mtindi unakuwa mkali. Ukiwapa saa chache, wanakula kidogo, sukari nyingi inabaki. Ukiwaacha usiku na mchana, wanaila karibu yote. Ndiyo maana nauacha. Huu ukali ambao baba yako alikuwa anaulalamikia, ndio dalili kwamba sukari imeliwa."

"Na mtu akiongeza maziwa mapya?"

"Si atakuwa amerudisha sukari ileile tuliyokuwa tunaitoa? Kwa bibi wanaongeza, lakini bibi hana mgonjwa wa kisukari. Hawa hawawezi kula yote kwa saa mbili tatu." Mama akasita. "Mbona umeachia kitambaa?"

Kona ya kitambaa ilikuwa imetumbukia kwenye bakuli. Kemilembe aliiokota, akaikamua, akaishika tena. Alitazama vidole vyake vilivyolowa. Maneno yalikuwapo kabisa, yamepangana: mama, ni mimi. Yalikaa hapo mdomoni na hayakutoka. Mama alimaliza kuchuja, akampelekea baba bakuli lake, na baba akanywa lote.

*

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko mafupi, hivyo Kemilembe alikuwa nyumbani. Baba aliamka, akavaa nguo za kazi.

"Leo si kliniki, Baba Kemi?" mama aliuliza.

"Nenda wewe na mashine yako. Mkishakubaliana ninakunywa nini, mtaniambia."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mtu asiyeaminika anapimwa ili iweje? Mimi sirudi tena kule."

Mama alikaa kitini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Twende mara hii. Kwa ajili ya huyu mtoto. Ukitoka huko hutaki tena, sitakulazimisha."

Baba aliwatazama wote wawili. Akavua koti la kazi.

Walishuka kwenye ngazi za mawe, mama mbele. Macho ya baba yalikuwa hayaoni vizuri kingo za ngazi, akaweka mkono begani kwa Kemilembe. Hakusema shika au nisaidie. Aliuweka tu, kama anavyouweka mtu mkono mahali anapopaamini. Ulikuwa mzito. Kila hatua Kemilembe aliusikia uzito ule, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kusikia kitu.

Kliniki ilikuwa na foleni ndefu. Zamu yao ilipofika, nesi aliyewapokea aliitwa Kokulinda, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoteleza puani. Alipima, akasoma, akawatazama juu ya miwani.

"Shikamoo, nesi," Kemilembe alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Baba Kemilembe, ndizi zimekushinda kuacha?"

"Ndizi nimeacha."

"Soda?"

"Nimeacha."

"Basi sukari hii umeivuta na hewa." Nesi alikuwa na ucheshi wa uchovu. "Sikiliza, baba yangu. Mwezi uliopita ulikuwa unashuka vizuri. Sasa umepanda. Kwa hali hii nitampelekea daktari kadi yako, na daktari atakuongezea dawa, pengine akuanzishe sindano. Sisi tunatoa dawa kulingana na kile mtu anachokula. Ukitudanganya chakula, tunakupa dawa ambayo si saizi yako. Siku ukiacha hiyo soda yako, dawa kubwa itakukuta sukari ni ndogo, na utaanguka tena. Safari hiyo huenda usiangukie magunia."

Mama aliinamisha kichwa.

Nesi akamgeukia Kemilembe. "Wewe unayekaa naye. Baba anakunywa soda?"

"Hapana," Kemilembe alisema.

Nesi akatabasamu kidogo. "Watoto wa kike mna huruma. Nyote huwatetea baba zenu." Akavuta kadi ili aandike.

Hapo Kemilembe alielewa. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake haikumsaidia baba hata kidogo, kwa sababu alikuwa ameikata nusu. Nusu ile iliyobaki ndiyo iliyokuwa inamgharimu baba.

"Hanywi soda," alisema tena. "Ni mtindi. Ninafungua mchana, tunakunywa mimi na Queen. Halafu ninajaza maziwa mapya. Karibu nusu."

Kalamu ya nesi ilisimama. Mama aligeuka taratibu.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu mtindi ulipoanza kuwa mwepesi."

"Na jana nilipokueleza?"

"Nilijua jana. Sikusema."

Alingoja kofi, au kelele, au angalau macho makali. Baba hakufanya lolote kati ya hayo. Alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia, akasema, "Ala. Kumbe ndiyo maana unanyweka."

Nesi Kokulinda alivua miwani. Aliuliza baba anakunywa kiasi gani, akaambiwa bakuli asubuhi na bakuli usiku. Akaguna. "Hayo ni maziwa mengi, na sukari yake ipo. Vizuri umesema, binti, kabla sijaandika." Aliingia kwa daktari, akarudi. "Daktari anasema dawa ibaki ileile. Mtindi utengenezwe unavyotakiwa, na uwe kikombe, si bakuli, uwe mtamu, uwe mkali. Pimeni kila asubuhi. Mrudi baada ya wiki mbili."

*

Walirudi nyumbani. Mama alipofika alifunga mlango, akasimama mbele ya baba.

"Baba Kemi, nimekukosea," alisema. "Nilikuona muongo mbele ya mtoto, acha nikuombe radhi mbele ya mtoto."

"Yameisha," baba akajibu. Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza, "Na mimi nilitaka kuacha kliniki kwa hasira. Huo nao ulikuwa utoto."

Jioni ile waliweka mtindi mpya. Kesho yake Queen alipokuja, Kemilembe alimwambia kila kitu pale kizingitini.

"Kwa hiyo mimi nimemnywea baba yako afya," Queen alisema.

"Tumeinywa wote."

"Mama yako ananichukia?"

Mama alikuwa ndani, akasikia. "Queen, ingia," aliita. "Kuna viazi kwenye hotipoti. Ukiwa na njaa uje useme una njaa. Ile sufuria tu ndiyo usiisogelee."

Siku zikapita. Mtindi ukarudi kuwa mzito, ukali ukarudi, namba za asubuhi zikaanza kuteremka. Hazikuteremka kwa mbio. Kuna asubuhi zilikwama, mama akakunja uso, akakumbuka alivyomshuku baba bure, akaukunjua. Waliporudi kliniki, nesi Kokulinda alisoma kipimo, akamwonyesha daktari, na habari ya sindano ikawekwa kando.

Jioni ya siku hiyo walikaa mkekani nje, watatu. Mama alikuwa na kitabu chake cha baiolojia mapajani. Baba alimwita Kemilembe asimame mbele yake.

"Nataka nikwambie neno, na sitalirudia," alisema. "Ulipomimina yale maziwa hukujua. Uliona kwa bibi yako, ukafanya. Kwa hilo sina ugomvi na wewe, ingawa ulikatazwa kufungua na ulifungua. Mzani ukikosea kwa sababu ya vumbi, ninaufungua, ninausafisha, unarudi kazini. Hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini kuna mtu anajua kabisa mzani wake una kasoro, na anaendelea kuwapimia watu akiwa kimya. Usiku ule mmoja, baada ya mama yako kukueleza, ulikuwa mtu huyo. Ulikuwa umeniacha nimesimama peke yangu, naitwa muongo, na wewe unayo kweli mfukoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Kukosea ni rahisi kutengeneza. Ukinyamaza, kosa linahamia kwa mtu mwingine, na yeye ndiye anaumia. Siku nyingine ukijua umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Ulisema kwa nesi, na kwa kusema kwako nimeaminika tena nyumbani kwangu. Hilo nalo nimeliona."

Kemilembe akaanza kulia, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, kilio cha siku zote tangu baba alipoanguka. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama alifunga kitabu, akasogea kidogo mkekani, akampa nafasi ya kukaa.